Nilivyogeuza "Mu" Kuwa "Ba"

Mi simuamini mtu anayekuja na daftari. Nasema hivyo nikiwa na daftari langu mkononi, maana kazi yangu ndiyo hiyo: kwenda kwa watu, kuwauliza habari za nyumba zao, kuandika. Chuoni kwetu Kolwezi mimi ni assistant wa antropolojia. Usidhani assistant ni kijana anayejifunza kazi. Kwetu assistant ni mtu mzima, ana watoto, ana mvi mbili tatu, anafundisha masomo ya profesa, anasahihisha mitihani ya profesa, anaandika kitabu cha masomo ambacho jalada lake lina jina la profesa. Halafu anangoja. Mimi nilikuwa nimengoja miaka kumi na moja.

Nilichokuwa nangoja ni sahihi. Huwezi kuanza udaktari mpaka profesa atie sahihi kwenye mradi wako, na mradi wangu ulikuwa umelala kwenye droo ya meza yake, ya pili kutoka juu. Niliuona kila alipofungua kutafuta kalamu. Nikimuuliza, ananijibu kwa upole, "Mama, haraka ya nini? Nitausoma." Upole ule ndio ulionitia wasiwasi. Mtu akikukatalia kwa ukali, unajua umesimama wapi. Akikuita mama huku anafunga droo, hapo jiulize.

Basi akaja muzungu. Mtafiti kutoka Ulaya, mrefu, mtaratibu, amevaa viatu vya kupandia milima, na sisi milima yetu hapa ni malundo ya mchanga uliotoka migodini. Alikuwa amejifunza Kiswahili cha kitabuni, Kiswahili bora kama tunavyokiita. Siku ya kwanza nilimpeleka soko la Manika, akamwambia mama mmoja muuza samaki, "Shikamoo." Yule mama akanigeukia mimi: "Anasema nimeshika nini?" Tukacheka mpaka muzungu mwenyewe akacheka. Sikumchukia. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu ingekuwa rahisi kusimulia habari hii kama ningemchukia.

Na alikuja kutafiti nini? Kwa nini watu wa Kolwezi hawaaminiani! Eh, Mungu wangu. Mtu apande ndege mbili, aje kuuliza hilo, si angenipigia simu tu? Hapa hata udongo tunaushuku. Ukichimba choo nyuma ya nyumba yako, majirani wanasimama kwenye ua kuangalia rangi ya mawe yanayotoka. Ukijenga ukuta mrefu, watu wanasema umepata kobalti chini ya kitanda. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya shaba, baba yangu akazaliwa hapa, mimi nikazaliwa hapa, na bado kuna watu wanaoniuliza nitarudi kwetu lini. Nimekulia ndani ya kushukiana, ningeweza kumpa muzungu majibu yote kabla hajamaliza chai.

Lakini hakuna aliyenitaka kwa majibu. Profesa aliniita biro, yaani ofisini kwake, akaniambia, "Utafanya kazi na mugeni. Ukifanya muzuri, tutaongea juu ya ule mradi wako." Sikiliza vizuri: hakusema atatia sahihi. Alisema tutaongea. Mkataba sikuuona. Muzungu alidhani profesa amenipa, profesa alidhani muzungu amenipa, au wote wawili walijifanya kudhani.

Utaratibu wa kazi ulikuwa hivi. Tuchague mtaa mmoja, tupite nyumba kwa nyumba, kila nyumba ya tano tuiandikie namba kwa chaki kando ya mlango ili tusiipoteze, kisha turudi kwenye nyumba hizo kuongea na wenyewe. Muzungu alinieleza hayo kwa furaha, akanichorea na kapicha. Mtaa aliouchagua uko nyuma kabisa ya ukuta wa mgodi. Niliposikia neno chaki, nikaitazama ile kapicha mara ya pili.

Maana kwetu namba ukutani ina habari moja tu. Kampuni inapotaka kupanua shimo lake, inatuma watu na rangi, wanaandika namba kwenye nyumba zitakazohamishwa. Tunaiita délocalisation, na hata mtoto ambaye hajaota meno anajua kulitamka neno hilo. Nyumba yenye namba imo kwenye orodha, mwenyewe atapewa nyumba nyingine mahali pengine. Nyumba isiyo na namba haimo. Na mtu akishatiwa namba anaacha kuhangaika na nyumba yake: haezeki, hapandi mparachichi, hakandiki ukuta. Wa nini, na kesho utabomolewa?

Nikaenda kwa profesa. Nikamwambia, "Prof, ile chaki italeta mambo. Watu batafikiri délocalisation."

Akavua miwani. "Weye unataka kumufundisha muzungu kazi yake?"

"Hapana, Prof."

"Méthode yake ilipita kwao mbele ya kamati. Iko na mihuri. Weye uko na nini?"

Akafungua ile droo ya pili, akachukua kalamu, akaifunga taratibu. Sijui kama alifanya makusudi. Mi nasema alifanya makusudi.

Kesho yake tulikuwa tunakula bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, kwa mama mmoja anayepika karibu na posta, muzungu akila kwa mkono kama sisi na kuchafua shati lake. Akaniuliza, na hili lazima niliseme wazi kwa sababu kwa muda mrefu nimejaribu kulisahau: aliniuliza. "Kuna tatizo lolote na utaratibu? Wewe unawajua watu." Mdomo ulikuwa wazi, maneno yalikuwa tayari. Nikamwona kichwani profesa na kalamu yake.

"Hakuna problème," nikasema. Nikamwongezea sombe.

Tuliandika Jumanne, mwezi wa nane. Chaki niliishika mimi kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri. Muzungu alitembea mbele akihesabu milango kwa kidole, mimi nyuma nikiandika, na kabla hatujafika nyumba ya kumi mtaa wote ulikuwa nje. Hakuna aliyepiga kelele. Walitutazama tu, mikono kiunoni.

Namba kumi na tano iliangukia nyumba ya mama mmoja mjane, mtu wa kaskazini ya Katanga, Mprotestanti wa kufunga na kuomba. Alikuwa akiuza munkoyo, kile kinywaji chetu cha unga wa mahindi na mizizi, na munkoyo wake ulikuwa unajulikana mpaka barabara kuu. Aliishi na binti yake aliyeachika. Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi, na ukuta wa upande mmoja ulikuwa na ufa wa kuingiza mkono. Chini ya ufa, matofali mapya, yeye na binti yake waliyafyatua wenyewe, yamepangwa vizuri, yamekauka, yanangoja udongo tu. Mvua kwetu huanza mwezi wa kumi. Muda ulikuwepo wa kutosha.

Akaitazama chaki. "Ni ya kampuni?"

"Hapana, mama. Ni ya masomo. Ya chuo."

Akanipima toka viatu mpaka kichwa. "Ya masomo," akasema. "Sawa. Tunaelewa." Na akanikonyeza.

"Mama, ni kweli ya masomo."

"Sasa mi nasema nini? Nasema tunaelewa."

Jirani yake, tata mmoja, mzee mstaafu wa migodi ya zamani, akatufuata huku anafunga vifungo vya shati. Kwa nini tumeruka nyumba yake? Alijenga hapo kabla ya huyu mama, kila mtu anajua! Nikamweleza habari ya moja kwa tano. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa, kisha akasema, "Kumbe hata bahati mulishaigawanya." Kesho yake tuliporudi, kwenye ukuta wake kulikuwa na namba imeandikwa kwa mwandiko unaofanana na wangu: 15 bis, yaani kumi na tano ya pili. Nilicheka peke yangu barabarani kama mwendawazimu. Kufika Ijumaa mtaa ulikuwa na bis nne, na wengine walikuwa wamepitisha rangi juu ya chaki yangu ili jua lisiifute. Mama wa munkoyo alikata kipande cha plastiki, akakigongomea misumari juu ya namba yake.

Muzungu alizipiga picha zile bis. Akaniuliza ni nini. Nikamwambia watu wanapenda kuigana.

Wiki zikapita tukiingia nyumba moja na kutoka nyingine. Tunapewa kiti, tunapewa maji, muzungu anaweka kinasa sauti chake kidogo juu ya meza, anauliza, mimi natafsiri. Watu walijibu vizuri mno. Hapo tena nikashuku. Watu wa Kolwezi kumjibu mgeni bila kumzungusha? Kumbe kila mmoja alikuwa anajibu mbele ya kampuni. Wenye chumba kimoja walisema wana vitatu. Tata mmoja alitutajia watoto ambao ninajua hawajazaliwa. Nami nikatafsiri yote kwa Kifaransa safi, neno kwa neno, kama mtu mwaminifu.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa tulirudi kwa mama wa munkoyo. Yale matofali yalikuwa palepale, kuku amelala juu yake, na ufa ulikuwa umekua. Muzungu akauliza, kupitia kwangu, kwa nini hajatengeneza ukuta.

"Mi nitatengeneza juu ya nini?" mama akasema, akishangaa kabisa. "Dada yangu kule Fungurume balimuhamisha, leo iko na nyumba ya simenti na mulango ya chuma. Ilikuwaka na namba. Na mi vilevile: tangu mulinitiaka namba, nangoja tu."

Mulinitiaka. Ninyi mlinitia. Aliyasema hayo akitutazama usoni, kwanza mimi, kisha muzungu, bila ubaya wowote, kama mtu anayeshukuru. Muzungu alitikisa kichwa kwa heshima. Akanigeukia.

"Anasema anangoja," nikamwambia.

Kazi ya kuandika sauti niliifanya nyumbani, asubuhi watoto wakiwa shuleni. Saa moja ya maongezi inakula siku nzima. Umeme wa bwawa la Nzilo unapita juu ya mapaa yetu kwenda migodini, kwetu unaingia ukipenda, kwa hiyo unaandika mbio mbio ukisikilizia jokofu lisizime. Karatasi ilikuwa na safu mbili, kushoto Kiswahili kama kilivyosemwa, kulia Kifaransa. Nilifika kwenye sentensi ya mama. Nikairudisha. Nikaisikiliza tena, na tena, nikitumaini nimesikia vibaya.

Mu ni ninyi. Ba ni wao. Herufi mbili. Nikiandika mu, muzungu atauliza: ninyi ni nani? Mimi na wewe? Tulimfanyia nini? Na jibu litatoka kwangu, litafika kwa profesa, na profesa atasema nimeharibu kazi ya mugeni. Nikaandika balinitiaka. Wao walinitia. Upande wa Kifaransa nikatia lile neno lao dogo, on, lisilosema ni nani, neno lililotengenezwa kwa ajili ya watu kama mimi. Nikajiambia nitarudi kurekebisha. Sikurudi.

Muzungu akaisoma. Siku mbili baadaye alinikuta kwenye korido ya chuo, macho yanang'aa. "Ba!" akaniambia. "Umesikia wanavyosema? Ba-. Hakuna mtu! Ni mamlaka isiyo na uso!" Kuanzia hapo akawa anasikia ba kila mahali. Bamekata umeme. Bamefunga barabara. Banasema. Na ni kweli, tunasema hivyo toka asubuhi mpaka jioni. Alipata ukweli nusu, na hiyo nusu ndiyo iliyonitesa, kwa sababu juu yake alijenga nyingine yote. Akaandika kwamba watu wa mtaa ule wana namna yao ya kuishi, ya kungoja, ya kuacha nyumba zao zichakae kwa kuwa hawaamini kesho. Aliniletea kurasa zile nizipitie. Nikasahihisha nukta na vituo.

Mvua ilianza mwezi wa kumi, kwa nguvu. Jumamosi moja, saa tisa mchana, tata wa 15 bis akanipigia simu. Ukuta wa mama umeanguka, na mama alikuwa ndani akichuja munkoyo.

Nilichukua moto, yaani pikipiki ya abiria, nikamwambia dereva akimbize. Nilimkuta kwenye kituo cha afya, amekaa kwenye benchi, mkono wa kuume umefungwa ubao, kanga ina tope mpaka mabegani. Mkono ule ndio wa kukorogea. Binti yake alikuwa analia. Mama hakuwa analia, alikuwa anamtuliza yeye. Aliponiona akatabasamu, na Mungu anisamehe, tabasamu lile sitalisahau.

"Haina kitu, mutoto yangu," akaniambia. "Ni muzuri. Sasa bataona vile nyumba ilianguka, batafanya mbio."

Nikatoka nje nikaegemea ukuta. Ningeweza kuingia tena dakika ile ile na kusema. Sikuingia.

Muzungu alikwenda kumwona kesho yake, na matunda na sukari. Aliposimama mbele ya kifusi macho yakamjaa machozi. Kisha akatoa kamera. Sikuyaamini yale machozi, ingawa labda nilikosea, labda mtu anaweza kulia na kupiga picha vyote kwa moyo mmoja.

Wiki mbili baadaye alitoa mhadhara chuoni, kabla ya kurudi kwao. Mimi nilipanga viti, nikaleta soda, nikabandika tangazo ambalo lilikuwa na jina lake na jina la profesa. Ukumbi ulijaa: maprofesa mstari wa mbele, sisi assistants katikati, wanafunzi nyuma na dirishani. Akaonyesha mtaa. Akaonyesha matofali na kuku juu yake. Akaonyesha ukuta umelala chini, na watu wakasema aaah. Kisha kwenye skrini ikatokea sentensi ya mama, kwa herufi kubwa, Kiswahili juu, Kifaransa chini. Tangu balinitiaka namba, nangoja tu.

"Sasa sikilizeni sauti yake mwenyewe," muzungu akasema, akabonyeza.

Sauti ya mama ikajaa ukumbini, wazi kabisa, nyuma yake kuku analia. Tangu mulinitiaka namba.

Ukumbi ule ni wa watu waliokinywa Kiswahili hiki na maziwa ya mama zao. Hakuna aliyehitaji kamusi. Macho yalisoma ba, masikio yalisikia mu. Mtu akakohoa nyuma. Assistant mwenzangu wa pembeni, ambaye mradi wake unalala kwenye droo ya profesa mwingine, akainama kufunga kamba za viatu, na viatu vyake havikuwa na kamba. Profesa aliitazama skrini, akanitazama mimi, akaitazama skrini tena.

Muzungu akaona tumenyamaza, akadhani tumeguswa. Akairudisha, akaicheza mara ya pili. Mulinitiaka.

Nikangoja mtu aseme. Ndiyo, mimi niliyeandika, nilikaa pale nikingoja mtu mwingine aseme! Nilimngoja profesa, niliwangoja wanafunzi, niliingoja hata mvua iangushe umeme. Profesa ndiye aliyevunja kimya. Alianza kupiga makofi, taratibu, na ukumbi wote ukamfuata. Mimi pia nilipiga.

Mpaka leo sijui kama muzungu alisikia. Nimelifikiria sana. Kiswahili chake kilikuwa kimekua miezi ile, nilimsikia kwa masikio yangu akigombana na vijana wa moto pale Manika, "Mulisema bei ingine!" Mu hiyo hiyo. Alijua kuitumia vizuri alipoona ananyang'anywa. Siku nyingine nasema hakusikia, sikio la mtu husikia lilichozoea kusoma. Siku nyingine nasema alisikia mara ya kwanza, na mara ya pili alikuwa anatujaribu. Na siku mbaya kabisa nasema alikuwa anangoja mimi niseme. Simwamini, na sina ushahidi wowote wa kutomwamini.

Profesa aliniita biro siku iliyofuata. "Kazi muzuri, mama," akasema. Akafungua droo ya pili, akautoa mradi wangu, akautia sahihi ukurasa wa mwisho bila kufungua hata ule wa kwanza. Akapiga muhuri. Ile sauti ya jana hakuitaja, wala mimi sikuitaja. Nilipopokea karatasi alizishikilia kidogo, sekunde moja hivi, kabla ya kuziachia, na tukatazamana. Hapo tukaelewana kila kitu. Miaka kumi na moja nilidhani siku ile nitacheza. Nilishuka ngazi taratibu, karatasi kwapani.

Nyumbani wakafurahi, mume wangu akanunua kuku. Nilikaa nao nikala. Nje mvua ilikuwa inapiga manjanja, mabati ya paa letu, mpaka hatusikiani, na mimi hesabu moja tu kichwani: nyumba ya mama wa munkoyo imebaki na kuta tatu, na mvua ina miezi mitano mbele. Yeye na binti yake wanalala kwenye kile chumba kilichobaki. Hawatagusa tofali, kwa sababu sasa wana namba na kifusi, na kifusi kwao ndicho kitakacholeta kampuni mbio. Ukuta mwingine ukianguka, hautaanguka saa tisa mchana watu wakiwa macho.

Nilikwenda asubuhi, jua limetoka kidogo. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, mkono umefungwa shingoni. Binti yake alikuwa anachekecha unga. Sikukaa. Niliogopa nikikaa nitaanza kuuliza habari za afya na za kanisa, na sitasema tena.

"Mama, hakuna orodha," nikasema. "Kampuni haikuyi, haitafika. Ile namba si ya kampuni, haikukuwaka ya kampuni hata siku moja."

Binti akaacha kuchekecha. Mama akainua kichwa.

"Banakutuma," akasema.

"Hapana, mama."

"Banakutuma useme hivi, tutengeneze nyumba, halafu baseme nyumba iko muzima, haistahili kitu. Tunabajua."

"Hakuna mutu alinituma. Namba niliandika mimi. Na chaki ya chuo. Ilikuwa ya masomo, vile nilikuambiaka, juu ya kujua nyumba gani tulishaingia. Basi. Tengeneza ukuta, mama. Nakuomba. Tengeneza leo."

Akageuza kichwa, akaangalia kile kipande cha plastiki kando ya mlango, na misumari yake, na namba chini yake. Niliona jambo likimwingia polepole. Halikuwa hasira. Alikuwa anakumbuka, siku moja moja, matofali, kuku, ufa.

"Ile siku ulikuwa unaandika," akauliza, "ulijuaka vile tutafikiri?"

Nilikuwa na mengi ya kusema. Profesa, droo, mihuri ya kamati, miaka kumi na moja, namna tunavyoishi sisi wa chini chuoni. Yote ni ya kweli. Nilikuwa nimeyapanga njiani moja baada ya jingine.

"Nilijuaka, mama."

"Na muzungu?"

"Hakujua."

"Hakukuuliza?"

"Aliniuliza."

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyekuwa akitafuta kitu ndani ya nyumba siku nyingi na sasa amekiona kilipo. Kisha akamwita binti yake, bila kupandisha sauti, akamwambia alete maji, wakande udongo kabla mvua haijarudi. Binti akachukua ndoo. Nikainama, nikavua viatu, nikapandisha sketi, maana udongo unakandwa kwa miguu na yeye ana mkono mmoja.

"Vaa viatu byako," mama akasema.

Nikabaki nimeinama. Akangoja mpaka nilipofunga cha pili.

"Asante ya kufika, Madame," akaniambia, yeye aliyekuwa akiniita mutoto yangu. Binti akarudi na maji, nikasogea nimpishe.